Mfuniko wa Askofu

Harufu ya stoo ya mama haijabadilika hata kidogo. Ni moshi wa kuni ulioganda kwenye vitako vya sufuria, ni vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ni mahindi ya mwaka jana yaliyobaki chini ya gunia. Nilipofungua mlango juzi, harufu hiyo ilinipokea kabla sijaona kitu. Nikasimama pale kizingitini na utu uzima wangu wote, kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau alichotumwa.

Nimekuja Shirere kumpangia mama stoo kabla ya mvua. Miaka yote ameipanga mwenyewe, lakini mwaka huu hawezi. Yuko kitandani katika chumba cha pembeni, kile chenye dirisha linalotazama uani, na kutoka hapo ananisimamia kwa sauti. Daktari alitueleza hali yake bila kuzungukazunguka. Mama alimsikiliza akiwa amekunja mikono, akamshukuru, halafu tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniuliza kama mtu wa makaa amepita, maana makaa yakinyeshewa ni hasara.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa pande hizi za Kakamega mnajua kwamba nyumba zetu zina sura mbili, ya kiangazi na ya mvua. Mwezi wa pili ukikaribia kwisha, mama aliipindua nyumba. Alianza na kabati, akamalizia na stoo. Masweta na makoti yalitolewa kwenye sanduku la bati yakaanikwa juu ya ua wa michongoma, na jioni tulikuwa tukiyatoa miiba huku tukigombana nani kamtobolea nani lake. Viatu vya mpira vilipigwapigwa ukutani ili kilichohamia ndani kihame. Masanduku yaliinuliwa juu ya matofali kwa sababu sakafu ya stoo hutoa jasho mvua ikishika. Majivu yalimwagwa pembeni kuwazuia mchwa, na makaa makavu yakajazwa hadi dirishani. Mahindi yakishavunwa kila kitu kiligeuzwa tena, magunia yakaja mbele na masweta yakarudi nyuma. Katika haya yote mama alikuwa na kanuni moja, nasi tuliijua kuliko tulivyozijua Amri Kumi: kinachotakikana msimu huu kikae karibu na mlango.

“Mimi sipendangi kutafuta kitu na mvua iko kwa mgongo,” alikuwa akisema. “Nikifungua mlango, nataka hiyo kitu ndiyo inisalimie.”

Stoo yetu haikuwa ya vitu vyetu peke yake. Mama alikuwa mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama wa mtaa. Sufuria kubwa za kupikia umati, masinia, vikombe vya bati, blanketi za kijivu za kuwafunika waliokuja kulala matangani, turubai lililotiwa viraka mpaka huwezi kujua lilianza na rangi gani, vyote vilikaa kwetu. Kila chombo kilikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganyike na vya watu. Sufuria iliyozidi zote akina mama waliibatiza jina la Askofu, kwa sababu, walisema, haiendi mahali kwa miguu yake, ni lazima ibebwe, na ikifika watu wote wanasimama. Ilihitaji wanawake wawili wenye nguvu na wenye kupatana. Mfuniko wake pekee ulikuwa mzigo wa mtu mmoja.

Harusi zilichukua vyombo vingine, na akina mama walikuja kuvichukua wakiimba. Askofu hakwenda harusini. Harusi ina watu walioalikwa na unaweza kukisia ugali, lakini matanga hayana mwaliko, na anayefika hafukuzwi. Kwa hiyo Askofu alitoka kwa kilio tu. Mama aliweka sheria ambayo hata mwenyekiti wa kikundi, Mama Zainabu, hakuweza kuipinda: sufuria haitoki bila mfuniko wake. Mifuniko ilikuwa na tabia ya kupotelea matangani, na ilikuwa ikijulikana kwamba mingine imeolewa na sufuria za watu.

Sasa msikilize hesabu ya mtoto. Zamani hatukuambiwa habari ya kifo moja kwa moja. Watu wazima walinong’onezana, sisi tukatumwa kwenda kuangalia kama kuku wametaga. Nilichojua mimi ni nilichokisikia. Asubuhi kufuli ya stoo inafunguliwa, sufuria zinagongana, Askofu anapakiwa kwenye mkokoteni. Kesho yake, au mchana uleule, ninaambiwa kwamba yule mzee wa posho mill, aliyetusagia unga, ametangulia mbele ya haki. Kila mara mpangilio ulikuwa huo. Sufuria kwanza, kifo baadaye. Nikafikia uamuzi, bila kumuuliza mtu, kwamba sufuria ndiyo iliyokuwa ikimwita mtu, na kwamba mama yangu, mwenye ufunguo, alikuwa na kazi nzito kuliko alivyotuonyesha. Sikumwogopa. Nilimwonea fahari kidogo, kama watoto ambao baba yao ni polisi.

Nilikuwa darasa la pili wakati Kukhu, mama yake baba, alipoletwa kwetu kutoka Malava. Kifua kilikuwa kimemwelemea na miguu imevimba, na baba, aliyekuwa akifundisha Lugari na kuja nyumbani mwisho wa wiki tu, alitaka awe karibu na hospitali. Akawekwa katika chumba hicho cha pembeni nilichowatajia, na mimi nikahamishiwa humo nilale kwenye godoro la chini, nimpe maji akikohoa. Kukhu hakuwa mgonjwa mtulivu. Aliuliza nani amekamua ng’ombe wake, akakemea chai yetu kwamba ni maji ya kuoshea vikombe, akaniita Nafula, jina nililopewa kwa kuzaliwa wakati wa mvua, kwa namna ambayo hakuna mwingine aliliita, akilivuta katikati. Nilimpenda kupita kiasi. Alinuka mafuta ya kujichua na ndizi mbivu, na alikuwa na hadithi za watu waliokula sana.

Mwezi wa pili ukaisha, na mama akaipindua nyumba kama kawaida. Nilimsaidia kutoa vitu nje. Tulisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikauma. Jioni, wakati wa kurudisha, nilisimama mlangoni nikimpa kimoja kimoja naye akivipanga. Masweta yalikuja mbele, viatu vya mpira mbele, makaa mbele. Kisha akamwita jirani, wakamwinua Askofu, ambaye miaka yote alikaa nyuma kabisa ukutani, wakamweka mbele. Karibu na mlango. Mama akamfunika kwa mfuniko, akapangusa mikono kwenye leso.

“Mama, huyo si anakaa huko nyuma kila mwaka?” niliuliza.

“Mwaka huu akae hapa.”

Niligeuka nikatazama dirisha la chumba cha pembeni. Kukhu alikuwa akikohoa, na mama pia alikuwa akitazama hukohuko. Kanuni nilikuwa naijua.

Siku Kukhu alipopelekwa kliniki na jirani, nami nimerudi mapema kutoka shuleni, nilimkuta mama akipiga pasi sebuleni na stoo iko wazi. Nilijua siwezi kumhamisha Askofu. Lakini sufuria haitoki bila mfuniko wake. Niliubeba ule mfuniko kwa kuukumbatia, nikapita nao mlango wa nyuma, nikaingia chumbani. Hakukuwa na mahali pa kuficha kitu cha ukubwa ule ila pahali pamoja tu. Niliinua godoro la Kukhu, nikaulaza kifudifudi juu ya mbao za kitanda, kishikio kikaingia katikati ya mbao mbili kama kilichopimwa. Nikashusha godoro, nikatandika vizuri kuliko nilivyowahi kutandika maishani.

Usiku huo Kukhu alijigeuza mara nyingi. Asubuhi akamwambia mama, “Hii kitanda imekuwa ngumu.”

“Ni mwili umechoka, mama,” mama alimjibu. “Kitanda ni ileile.”

Mvua ya kwanza ilinyesha na mawe. Siku chache baadaye, saa za kutoka shuleni, nilimkuta Mama Zainabu uani pamoja na akina mama wawili na kijana wa mkokoteni. Mama alikuwa ametoa nusu ya stoo nje. Alikuwa na hasira ile ya mtu wa mpango aliyepotewa na kitu.

“Mfuniko haiwezi kutembea,” alikuwa akisema. “Mimi mwenyewe niliweka hapa. Na mikono yangu!”

“Wallahi, Mama Nafula, watu wamejaa huko na hata maji haijachemka,” Mama Zainabu alisema. “Tutafunika na majani ya ndizi. Si zamani walikuwa wanapika hivyo?”

“Sheria ni sheria.”

“Sheria itapika?”

Akina mama wakacheka, na nikamwona mama akishindwa. Sikuwahi kumwona akishindwa kabla ya hapo. Akasogea kando. Wakamwinua Askofu, wakampakia bila kofia yake, mkokoteni ukateremka barabara ya matope ukigongagonga. Nilisimama na mkoba wangu mgongoni nikiona kila kitu kimeharibika. Nilikuwa nimefunga mlango mmoja, wao wakapitia dirishani.

Nikakimbia hadi chumbani. Kukhu alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, hajongei. Nilipiga ukelele uliomtoa usingizini akaketi wima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nzima bila kushikwa.

“Nani amekufa?” aliuliza.

“Wewe!” nilisema, nikaangua kilio.

Kukhu alijishika kifua, akajitazama mikono, akanitazama. “Nani amekwambia?”

Nikamwambia yote. Sufuria inayoita watu, kanuni ya mama, Askofu aliyeletwa mbele, mfuniko chini ya godoro. Nilitaja kila kitu kwa kwikwi, na yeye alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, ila nilipofika kwenye mfuniko alitia mkono chini ya godoro, akagonga. Ukalia.

“Kumbe ndiyo hii inanitoboanga mbavu,” alisema. “Nikasema hii nyumba ya mwanangu, hata godoro imenichukia.”

Kisha akanivuta nikaketi kando yake. “Sikia, mwana wanje, mtoto wangu. Umeshika hii maneno kwa mkia. Mtu anakufanga kwanza. Watu wanakuja kulia. Mtu akilia anasikia njaa, hata kama hataki. Ndiyo sufuria inatoka. Leo ni yule fundi wa baiskeli hapo chini, alikufa jana, nilisikia mama yako akiongea. Sufuria haijaua mtu. Sufuria inafuatanga.”

“Lakini mama alimweka karibu na mlango.”

Kukhu alitazama dirishani, ambako mama alikuwa akirudisha vitu stoo peke yake, akivipanga upya kwa ukali.

“Mama yako ni mtu wa kujitayarisha,” alisema hatimaye. “Si mbaya. Mimi pia kwa nyumba yangu ningeweka hapo.”

“Nirudishe mfuniko?”

“Wacha ikae. Wamepata majani ya ndizi, wapike nayo. Mimi nitaikalia hii kitu mpaka tuone nani atachoka.”

Na akaikalia. Mama aliutafuta mfuniko ule nyumba nzima, akaenda hadi kwa marehemu fundi kuuliza, akaanza kuwatazama akina mama wa kikundi kwa jicho ambalo lilikuwa likiharibu urafiki. Kukhu alimsikiliza akilalamika, akamwambia pole, akaomba aongezewe sukari. Aliponikonyeza nilijificha uso kwenye blanketi. Mvua ilinyesha kila alasiri, kumbikumbi wakatoka tukawakaanga, mahindi yakafika magotini. Kukhu alianza kwa kuketi, akaja kusimama dirishani, kisha akatoka hadi jikoni kufundisha watu namna ya kupika chai. Sijui ni dawa ya hospitali au ni ukaidi. Baba alisema ni Mungu, naye alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Siku aliyofungasha kurudi Malava, mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Kukhu alitoka na mfuniko mikononi, anayumba kidogo, amekataa nisimshike. Katikati palikuwa pamebonyea, bonde kubwa lililochukua umbo la nyonga yake. Akauweka miguuni pa mama.

“Mfuniko yako,” alisema. “Uliniwekea sufuria karibu na mlango. Na mimi nikakalia mfuniko.”

Mama aliutazama mfuniko. Akanitazama mimi, kisha Kukhu. Nilingoja kofi. Badala yake alianza kucheka, cheko la mtu aliyekamatwa, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika mapajani, na katikati ya cheko hilo akaanza kulia. Alilia akiwa amemshika mama mkwe wake miguu yote miwili, na Kukhu akawa anampigapiga mgongoni akimwambia, “Nyamaza. Nyamaza, hata mimi ningeweka hapo.” Mimi sikuelewa kilichokuwa kikililiwa. Kukhu amepona, mfuniko umepatikana, na maharagwe yanaokotwa.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Kuhusu sufuria nilikosea. Kuhusu mama sikukosea. Alikuwa amemwona mgonjwa, akapiga hesabu ya msimu kama alivyopiga ya makaa na ya viatu vya mpira, na hesabu hiyo haikuwa chuki. Ilikuwa ndiyo namna pekee aliyoijua ya kuogopa.

Tangu mwaka huo mama alimweka Askofu nyuma kabisa, nyuma hata ya magunia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kukhu aliishi. Aliniona nikienda sekondari, akamzika ng’ombe wake aliyempenda. Alipokufa ilikuwa kiangazi, bila kuugua, na mama alilazimika kutoa kila kilichokuwa stooni kabla hajamfikia Askofu ukutani. Nilibeba mfuniko mwenyewe mpaka Malava, nimeulaza mapajani safari nzima, na hakuna aliyethubutu kuniambia niuweke juu ya gari na vyombo vingine. Kwa sababu ya lile bonde haukai sawa juu ya sufuria mpaka leo. Mvuke hutoka upande mmoja, na wapishi hutukana.

Sasa ni mimi niliyemo stooni, na mama ndiye aliye dirishani. Kikundi kilibaki na wanachama wachache, Mama Zainabu hasikii vizuri, lakini vyombo bado viko kwetu. Jana nilianika makoti. Leo asubuhi, nilipokuwa nimemketisha mama kwenye kiti cha uani ili nimbadilishie mashuka, nilipita stoo nikaubeba mfuniko kwa kuukumbatia, nikainua godoro lake, nikaulaza kifudifudi juu ya mbao. Mimi mwenye watoto wa chuo, mwenye miwani ya kusomea. Sina la kujitetea. Kishikio kiliingia katikati ya mbao mbili kama zamani.

Jioni hii nilikuwa nikirudisha vitu ndani wakati sauti yake iliponifikia kutoka dirishani.

“Nafula. Askofu umemweka wapi?”

“Nyuma, mama. Mahali pake.”

Nikasikia anavuta pumzi kabla ya kusema, jambo ambalo amelianza hivi karibuni. “Nilikufundishanga nini?”

Nilisimama na sweta mkononi. “Kinachotakikana msimu huu kikae karibu na mlango.”

“Basi mlete mbele.”

Katika stoo yake mama habishiwi. Nilimwita kijana wa jirani, tukamwinua Askofu, tukamweka pale alipowekwa mara moja tu nikiwa mtoto. Nilipangusa mikono kwenye leso, kwa sababu nilihitaji kufanya kitu na mikono. Kisha nikaenda chumbani kumwambia kwamba kazi imekwisha, wingu limefunga na makaa yako ndani.

“Na mfuniko?” aliuliza.

“Sijauona, mama. Bado nautafuta.”

Alinitazama kwa macho yaleyale ya kukagua mpangilio. Kisha akajigeuza polepole upande wa ukuta, na nikasikia bati likilia chini ya godoro.

“Hii kitanda,” alisema, “imeanza kuwa ngumu.”